Uliza Fundi: Ganda jipya limekatika kitako, na geji inasema bunduki ni nzima

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi kijana wa Tanga ila sasa niko Billings, Montana, mwaka wa sita huu naendesha lori. Wenzangu wa kazini ndio walioniingiza kwenye uwindaji wa elki, wale paa wakubwa wa huku, dume moja linapita kilo 300, ukilipata friza imejaa mpaka mwaka mwingine. Nikanunua raifo ya .300 Win Mag mkononi kwa mtu, na kwa vile boksi la risasi 20 bei yake inauma nikaamua kujaza maganda mwenyewe. Nikachukua maganda mapya 50, mapya kabisa hayajawahi kupigwa, nikafuata karatasi iliyokuja na dai, kile chombo cha kwenye presi cha kurudisha ganda saizi yake: shusha dai mpaka iguse kishikio cha ganda halafu ongeza robo duru. Mara ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu nikaona kamstari kanang'aa kamezunguka ganda juu kidogo ya mkanda, ile pete nene ya kitakoni, nikajua ni uchafu wa presi tu. Jumamosi iliyopita ndio mara ya nne, risasi ya saba, nimevuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, kimetoka kitako peke yake na mkanda wake, kiwiliwili chote kimebaki ndani ya chemba. Nimepeleka kwa fundi bunduki amelitoa, akaweka geji, akasema hedispesi iko sawasawa. Sasa kama hedispesi iko sawa, nini kimenikata ganda? Au nimeuziwa maganda feki?
– Msomaji, Billings

JIBU: Marahaba baba. Kwanza naomba uniambie ulikuwa umevaa miwani, maana ganda likikatika pale gesi inatafuta pa kutokea na mara nyingi inarudi nyuma kwa kufuata bolti, usoni kwako. Kama hukuvaa, kuanzia leo unavaa, hilo halina mjadala.

Haya. Fundi wako hajakudanganya na maganda si feki. Aliyekuponza ni ile karatasi ya dai, ile robo duru ya kuongeza, na ule mkanda wenyewe unaotufanya wote tuamini ndio unaoshika risasi.

Hedispesi ukiiondolea maneno mengi ni nafasi tu, kutoka uso wa bolti mpaka pale ndani ya chemba ambapo ganda linazuiwa lisiende mbele zaidi. Kama umewahi kukaa gereji ukamwona fundi anapiga tapeti, anachomeka fila geji, anakaza, analegeza, anataka nafasi kidogo ila sio nyingi, basi umeelewa. Ikibana sana bolti haifungi, ikizidi kuwa kubwa ganda linacheza, na kitu kinachocheza mbele ya zile presha, karibu pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, kitavutika kipende kisipende.

Kwenye risasi ya kawaida kama .308 au .30-06 kinachozuia ni bega la ganda, ule mteremko ambapo kiwiliwili kinapungua kuwa shingo. Kwenye magnum ya mkanda kama yako ni ule mduara mnene wa kitakoni unaokaa kwenye kidaraja kilichochongwa nyuma ya chemba. Vipimo vya SAAMI, ndio wenye viwango vya viwanda huko Marekani, vinataka kutoka uso wa bolti mpaka kidaraja kuwe na inchi 0.220 ikiwa ndogo kabisa na 0.227 ikiwa kubwa kabisa, na mkanda wa ganda wenyewe unaruhusiwa uwe na kimo cha 0.212 mpaka 0.220. Sasa toa hesabu mwenyewe, ganda fupi kabisa la mkanda ndani ya chemba ndefu kabisa linabaki na thau 15 za kucheza, na hapo hakuna aliyevunja sheria, si mwenye bunduki wala mwenye ganda. (Thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi, karatasi ya printa ina kama thau nne, tuitumie hiyo maana tutapotea kwenye sifuri.)

Lakini hilo bado dogo. Ile geji ya fundi wako inapima kwenye mkanda TU. Bega haiguswi kabisa. Na nafasi ya begani ndiyo iliyoliua ganda lako.

Kiwanda kinajua kwamba mkanda ndio unaoshika mara ya kwanza, kwa hiyo bega wanalifanya fupi makusudi ili ganda liingie kwenye chemba yoyote duniani, na waliochonga chemba nao wameacha nafasi ya kutosha mbele kwa sababu hiyohiyo. Kila mtu kamwachia mwenzake nafasi. Wewe unapokea jumla. Ganda jipya la magnum ukilipima bega kabla na baada ya kupiga mara ya kwanza, kukuta limeenda mbele thau 15 mpaka 20 ni jambo la kawaida na mimi nimeshakutana na zaidi ya hapo. Kwa .308 mtu akikwambia thau 20 unaita polisi, kwa .300 Win Mag watu wanapiga miayo.

Sasa angalia kinachotokea ndani, maana hapa ndipo mambo yanapoeleweka. Pini inagonga fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni, ganda zima linasukumwa mbele mpaka mkanda unagota kwenye kidaraja. Baruti inashika, presha inapanda, na kuta za ganda kule mbele ni nyembamba kwa hiyo zinavimba mwanzo na kung'ang'ania chemba kama ruba. Kitako ni kinene, hakivimbi kirahisi, kinabaki huru. Presha ikizidi kitako kinasukumwa nyuma mpaka kiguse uso wa bolti, na huku kiwiliwili kimeshaganda mbele, hakirudi. Kinachobaki ni kuvutika, na panapovutika ni pale ukuta mnene unapogeuka kuwa mwembamba, juu kidogo ya mkanda, palepale ulipoona kamstari kako. Halafu bega nalo limepulizwa mbele likajaza nafasi yake. Ganda likitoka limerefuka, na ile shaba ya kurefukia haikutoka mbinguni, imechotwa kwenye huo mstari.

Mara moja ganda zuri linavumilia. Wewe ulichofanya, bila kujua, ni kulirudisha nyumbani uliposhusha dai mpaka chini na robo duru juu yake, bega lote lililokwenda mbele ukalisukuma tena likarudi kama jipya, halafu ukalipiga tena, likavutika tena, ukalirudisha tena. Mara nne. Ni ule waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unabaki na vipande viwili mkononi. Tena una bahati imefika ya nne, wapo wanaokatikiwa ya tatu.

Hayo 49 yaliyobaki usiyahurumie. Chukua klipu ya karatasi, inyooshe, ncha yake ikunje nukta tu kama ndoano kisha inoe kwenye tupa. Itumbukize kwenye ganda mpaka chini kabisa halafu ivute juu taratibu ikiwa inakwaruza ukuta. Ganda zima utasikia ukuta laini unapanda, lililochoka ncha itadumbukia kwenye kibonde, utaisikia kabisa kwenye kidole, kama kucha inavyokwama kwenye ufa wa kikombe. Kama huamini kidole chako kata moja kwa msumeno wa chuma kwa urefu, lisugue na msasa laini uliangalie kwenye mwanga. Mimi nilikata la kwanza mwaka nilioanza, nikakuta ukuta mahali pale umebaki mwembamba kama ganda la yai, na hilo ganda nilikuwa nimepanga kulipiga kesho yake. Bado liko kwenye dirisha la gereji yangu huku Minnesota, watoto wanalichezea. Yako yapige pasi kwa nyundo kila moja ndipo uyatupe kwenye chuma chakavu, usimpe mtu "ya bure".

Sasa tuje kwenye maganda mengine mapya, maana utanunua tu, najua.

Kabla ya kitu chochote nunua kipimo cha bega, kile kikopo cha alumini kinachofungwa kwenye venia (kipimo cha urefu cha kubana) chenye tundu linalokaa katikati ya mteremko wa bega. Kwa familia ya .300 Win Mag tundu ni lile la inchi 0.420. Si kifaa cha bei kubwa. Usihangaike na namba yenyewe inayosoma, namba yangu na yako hazitafanana hata kwa ganda lilelile, tunachotafuta ni tofauti. Pima matano mapya, andika. Pima hayohayo baada ya kupiga (toa fataki kwanza maana ikiwa imetokeza inakudanganya), andika. Hiyo tofauti ndiyo siri ya bunduki yako na hakuna kitabu kitakachokupa.

Mara ya kwanza una njia kama nne, na wazee wa rendi, uwanja wa shabaha, wanagombana juu yake kuliko Simba na Yanga.

Njia ya mvivu, ambayo ndiyo ninayompa anayeanza, ni kukubali. Jaza kwa kipimo cha baruti cha kuanzia cha kitabu cha kujazia, si cha mwisho, piga, ganda litavutika mara hiyo moja, lisamehe, halafu kuanzia hapo usilirudishe tena nyuma. Watu wengi wanaishi hivi na maganda yao yanafika mara sita, saba, nane. Wala hizo risasi za mara ya kwanza si za kutupa, zitumie kufanyia mazoezi ya mita 100, kulala chini, kupiga umekaa, kitu chochote.

Njia ya fundi mwenye subira ni bega la uongo. Shingo ya ganda jipya unaipanua kidogo, ya .30 unaipitisha kwenye kipanuzi cha .338 (paka mafuta ndani ya shingo la sivyo itakwama na utanilaani), halafu unairudisha kwenye .30 kwa dai yako lakini usishushe dai mpaka mwisho, unashusha kidogokidogo na kila mara unajaribu ganda kwenye chemba mpaka pale bolti inapofunga kwa kusita kidogo tu. Hapo shingoni pamebaki kidaraja kidogo ambacho hakijarudishwa, hicho ndicho kinachogota mbele na kulisukuma ganda likae limebana kwenye uso wa bolti. Pini ikigonga haliendi popote, kitakoni hakuvutiki kitu, na bega linajipulizia mbele lenyewe, shaba ya huko juu ni nyembamba na laini, haina neno. Kazi ya jioni nzima kwa maganda 50. Mimi ndiyo ninayoitumia, na redio pembeni.

Ya tatu, wengine wanaacha kichwa cha risasi kirefu mpaka kiguse mifereji ya mtutu ili chenyewe ndicho kizuie. Inafanya kazi, ila presha inapanda kichwa kikiwa kimegusa kwa hiyo ni kwa kipimo cha kuanzia tu, na tatizo lake jingine hulioni mpaka siku umesitisha kupiga, umevuta bolti, kichwa kimebaki mtutuni na baruti yote imemwagika kwenye trega. Jaribu kusafisha hiyo porini kwenye theluji.

Ya nne ni ya kupaka ganda mafuta ili liteleze lote nyuma badala ya kung'ang'ania. Utaambiwa na mtu mwenye ndevu nyeupe kwamba amefanya hivyo miaka 40. Sawa, lakini ganda likikosa kushika kuta basi msukumo wote unaupeleka kwenye bolti na meno yake, na mafuta yakibaki chembani unapiga risasi kali ukiwa hujui. Mimi siifundishi.

Ukishapiga ndipo kazi yenyewe inaanza, nayo ni kuisahau ile karatasi ya dai. Kuanzia sasa hiyo si risasi ya mkanda tena. Ni risasi ya bega yenye mapambo kitakoni.

Pandisha dai juu, acha nafasi ya duru nzima kati yake na kishikio. Paka ganda mafuta ya kusaizi, pitisha, pima bega. Shusha dai kidogo, pitisha, pima. Usishtuke bega likionekana limekwenda MBELE kwanza, dai inapobana kiwiliwili kutoka ubavuni shaba inatafuta pa kwenda na inakwenda juu, kama dawa ya mswaki ukibana tyubu katikati. Ukiendelea kushusha itafika mahali dai imeshika bega na namba inaanza kurudi. Unataka iishie thau mbili chini ya ganda lililotoka kupigwa. Basi. Funga nati ya kukazia.

Na hapa ndipo robo duru ilipokuuza. Dai zetu nyingi zina hesi 14 kwa inchi, kwa hiyo duru moja ni thau 71 na ushee, robo duru ni thau karibu 18. Unaona? Thau mbili unazozitafuta ni mzunguko wa kama nyuzi 10 tu za duara, kwenye saa ya ukutani mshale wa dakika hata dakika mbili haujafika. Mtu hawezi kuseti hiyo kwa kusema ongeza robo. Chora mstari kwa kalamu ya wino juu ya dai na mwingine juu ya presi ndipo uzungushe.

Kitu kimoja zaidi. Ganda la mara ya kwanza mara nyingi halijajaza chemba sawasawa, hasa kwa mzigo mwepesi wa kuanzia, kwa hiyo namba utakayopata usiichukue kama ya mwisho. Mara ya pili saizi shingo tu au bega kwa kugusa, mara ya tatu pima tena. Siku bolti inapoanza kufunga kwa uzito kidogo, hiyo ndiyo namba yako ya kutolea zile thau mbili. Ukitaka kuisikia vizuri vua pini na springi yake kwenye bolti na kile kijiti cha kurushia maganda, bolti ikiwa tupu mkono wake unaanguka wenyewe kwa uzani wake, weka ganda lililosaiziwa, ukianguka tena bila kusukumwa bega limekaa chini vya kutosha, ukisimama nusu njia bado. Hakuna venia inayoshinda hiyo.

Urefu nao usisahau, .300 Win Mag ukomo ni inchi 2.620 na watu wanakata kwa 2.610, shingo yake ni fupi tangu kiwandani kwa hiyo usikate kwa hasira. Halafu maganda ya kiwanda kimoja na kingine usichanganye, na yale uliyookota rendi ya mtu mwingine yamekaa kwenye chemba ya mtu mwingine, hayo anza nayo moja.

SWALI LA HARAKAHARAKA kutoka kwa msomaji wa Columbus, Ohio: Kaka Fundi, kama mkanda unaleta shida zote hizi nani aliuweka na kwa nini?

JIBU: Waingereza, na walikuwa na sababu. Holland & Holland wa London walitoa .375 mwaka 1912, ganda refu lililochongoka kama mdomo wa faneli, bega lake lina nyuzi 15 tu, limelala. Enzi zile baruti ilikuwa kodaiti, vijiti kama tambi, na ganda la kuteleza vile lilitoka chembani kirahisi hata kwenye joto la nchi kama zetu ambapo presha inapanda. Ubaya wake bega lililolala vile halizuii kitu vizuri, .300 yao iliyofuata mwaka 1925 ndiyo kabisa, nyuzi 8 na nusu. Kwa hiyo wakaweka mkanda uzuie wenyewe. Hapo mkanda una kazi.

Halafu Wamarekani wakaja kuchukua kitako kilekile, wakakata ganda fupi, wakanyoosha kiwiliwili, wakaweka bega lililosimama la nyuzi 25 linaloweza kabisa kushika lenyewe, na mkanda wakauacha. .458 mwaka 1956, .338 mwaka 1958, 7mm Rem Mag 1962, .300 Win Mag 1963. Ya .458 haina bega kwa hiyo mkanda wake una kazi, hizo nyingine, kwa maoni yangu, ulibaki kwa sababu neno magnum lilikuwa limeshazoeleka na mkanda na mteja alitaka kuuona. Walipotengeneza .300 WSM mwaka 2001 hawakuuweka na hakuna aliyeulilia.

SWALI: Habari za kazi kaka Fundi. Mimi ni dada wa Bukavu, naishi Alberta, Kanada, natumia raifo ya 7mm Rem Mag. Nimefuata ushauri wako wa mwaka jana, bega nalirudisha thau mbili tu, napima kila ganda. Lakini sasa maganda yangu yakifika mara ya tano hivi bolti inakataa kufunga, na nikipima bega liko sawa, urefu uko sawa. Mume wangu anasema nishushe dai zaidi.
– Msomaji, Red Deer

JIBU: Mwambie shemeji apumzike. Ukishusha dai zaidi utarudi kwenye shida ya yule kijana wa Billings na bolti haitafunga vilevile, maana kinachokwama sio bega.

Dai inasaizi ganda kuanzia mdomoni kushuka chini, lakini lazima isimame kabla ya kugonga mkanda, na mdomo wake wenyewe umeachwa wazi kidogo ili ganda liingie bila kukwaruzika. Kwa hiyo kuna kipande chembamba juu ya mkanda ambacho dai haikifikii sawasawa maisha yake yote. Kila ukipiga kinavimba nukta, hakirudishwi, mara ya tano kimeshajaza chemba. Hakikisha hivi: paka ganda wino wa maka kutoka mkandani kupanda juu kama upana wa kidole, funga bolti kwa upole mpaka inapokataa, toa. Wino ukifutika kama pete juu ya mkanda huku begani umebaki, basi ni hicho.

Dawa yake ipo, inauzwa dai maalumu ya koleti kwa ajili ya magnum za mkanda, koleti inakumbatia ganda pale juu ya mkanda na kulibana mpaka saizi yake. Unapitisha dai yako ya kawaida kwanza kisha hiyo. Sio kila ganda wala sio kila mara, ni yale yanayokwama tu. Chemba nyingine hazitaihitaji kamwe, yako ni ya wale wakubwa kidogo hapo kitakoni, sio ugonjwa. Na kwa vile maganda yameshafika mara tano ile klipu ya karatasi niliyoieleza hapo juu ni yako pia dada, kila ganda, kabla hujaweka fataki.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Arusha, nafanya kazi na kampuni ya uwindaji wa kitalii. Mteja mmoja atakuja na .375 H&H na ameniandikia kwamba risasi zake amejaza mwenyewe, tena amesaizi shingo peke yake ili maganda yadumu. Nimwambie nini? Na je, mimi naweza kujifunza kujaza hukuhuku?

JIBU: Marahaba. La mwisho kwanza: huko nyumbani kutengeneza risasi ni jambo la leseni, sio la benchi la uani, Marekani mtu anajaza zake mwenyewe bila leseni ya serikali kuu mradi hauzi, ila Marekani ni Marekani. Usiguse kabla hujakaa na polisi wa silaha wakakujibu kwa maandishi.

Mteja wako sasa. Mwandikie leo, asisubiri uwanja wa ndege. Kusaizi shingo tu ni kwa mtu wa shabaha za karatasi na elki. Kwa nyati, ambako .375 ndiyo bunduki ndogo kabisa inayokubalika huko, ganda lililobaki na umbo la chemba halina nafasi ya kusamehe vumbi, jasho, wala joto la Septemba, na risasi ya pili inapogoma kuingia nyati hasubiri. Asaizi ganda zima na bega alishushe thau tatu au nne, sio mbili, na aseme asante kwa mkanda maana huko ndiko ulikozaliwa kwa ajili yake. Maganda yawe mapya au yaliyopigwa mara moja tu. Kudumu kwa ganda ni uchumi wa watu wa Montana, yeye ameshalipa maelfu ya dola kwa safari nzima, ganda la dola tatu lisimtie hasara.

Na akifika, kabla hamjatoka kambini, bunduki ielekezwe mahali salama, kidole mbali na trega, apitishe kila risasi atakayoibeba kutoka magazini kwenda chembani na kuitoa, moja baada ya nyingine, wewe ukiwa umesimama pembeni unaangalia mkono wake wa bolti na sio uso wake. Zile ambazo bolti imesita hata kidogo weka kwenye mfuko wa pembeni, hizo atalengea karatasi.